Ndoa Inapovunjika: Matunzo, Watoto na Mali Katika Sheria ya Tanzania Bara

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, viongozi wetu wa dini, wasaidizi wa kisheria, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie matunzo ya mwenza baada ya talaka. Nimekubali, lakini kwa ruhusa yenu nitaipanua mada kidogo, kwa kuwa katika kazi yetu ya uwakili ni nadra mtu kufika ofisini akiwa na dai la matunzo peke yake. Huja akisema anataka "haki zake", na ndani ya kauli hiyo amefungia mambo matatu ambayo sheria imeyatenga: matunzo yake mwenyewe, matunzo ya watoto, na fungu lake katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Kila dai kati ya haya lina chanzo chake, kipimo chake, ushahidi wake na ukomo wake. Anayeyachanganya mara nyingi hulipigania lile dogo kwa nguvu zake zote, huku lile kubwa likimpita bila ushahidi wowote kutolewa. Ninyi mliopo hapa ndio mnaokutana na wanandoa kabla wakili wala hakimu hajawaona, kwa hiyo ninyi ndio mnaoweza kuyatenganisha mambo haya mapema.

Nitazungumzia Tanzania Bara pekee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar, ambako mashauri ya ndoa za Kiislamu yanasikilizwa na Mahakama za Kadhi. Kwa upande wa Bara, sheria hii ilitanguliwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969, uliopendekeza kuziweka ndoa zote chini ya sheria moja. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyefunga ndoa msikitini, kanisani, bomani au kimila, ndoa yake ikivunjika, anaingia katika mahakama zilezile na kukutana na vifungu vilevile vya matunzo na mgawanyo wa mali. Nalisisitiza hili kwa sababu bado yapo maeneo ambako mwanamke aliyeolewa kimila huambiwa kwamba mahari ikirudishwa, mambo yote yamekwisha na yeye hana cha kudai. Si kweli. Hata wale walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, jamii ikiwatambua kuwa mume na mke, sheria inawadhania kuwa wanandoa mpaka ithibitike vinginevyo. Na dhana hiyo ikipinduliwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Niseme kwa ufupi kuhusu talaka yenyewe. Mahakama haitoi talaka kwa sababu mmoja amekosa na mwingine hana hatia. Inatoa talaka inaporidhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu, na mengine yaliyotajwa katika kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa, ni ushahidi wa kuvunjika huko. Kwa ndoa za Kiislamu, baraza likishathibitisha kwamba limeshindwa kusuluhisha, na baada ya hapo mmoja wa wanandoa akatenda jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama hulitambua na kutoa amri. Ndoa isiyotimiza miaka miwili haiwezi kuombewa talaka bila kibali maalumu cha mahakama.

Sasa nije kwenu, wajumbe wa mabaraza. Shauri la talaka halifunguliwi mpaka mgogoro uwe umepita kwenye baraza la usuluhishi na baraza liwe limetoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika, na hati hiyo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Zipo hali chache ambazo hati haihitajiki, kwa mfano pale mlalamikiwa ametoroka na hajulikani aliko, au ameitwa mbele ya baraza akakataa kwa makusudi kufika, au anatumikia kifungo cha miaka isiyopungua mitano. Nje ya hali hizo, shauri lisilo na hati, au lenye hati iliyokwisha muda, linaweza kusikilizwa kwa miaka, mashahidi wakatoka mbali na hukumu ikaandikwa, kisha ngazi ya rufaa ikafuta kila kitu na kuwarudisha wahusika mwanzo. Inauma zaidi unapogundua kwamba kasoro ilikuwa karatasi moja isiyo na tarehe.

Baraza halitoi talaka wala haligawi mali. Linaweza kuambatisha mapendekezo kwenye hati yake, na mahakimu huyasoma, lakini pendekezo haligeuki kuwa hukumu hata likipigwa mihuri mingapi. Nimekutana na hati zilizoandikwa "Baraza limeamua nyumba ni ya mume na shamba ni la mke." Maneno hayo hayana nguvu ya kisheria, na huwapotosha wanandoa wakaondoka wakiamini shauri limekwisha.

Baada ya hayo, nirudi kwenye matunzo ya mwenza, ambayo ndiyo niliyoitiwa.

Wajibu wa matunzo hauzaliwi na talaka. Unakuwapo tangu siku ya ndoa. Kifungu cha 63 kinamtaka mume amtunze mkewe, au wake zake, kwa malazi, mavazi na chakula kwa kiasi kinacholingana na uwezo na hali yake ya maisha. Mke mwenye uwezo naye ana wajibu wa kumtunza mume ambaye kwa ugonjwa au kuumia, kwa mwili au kwa akili, ameshindwa kujipatia riziki, kikamilifu au kwa sehemu. Kutokana na hapo, mke aliyetelekezwa anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya matunzo bila kuomba talaka hata kidogo. Katika maoni yangu hiki ndicho kifungu kinachotumika kidogo kuliko vyote ikilinganishwa na thamani yake. Wapo wanawake wanaosukumwa kwenye shauri la talaka wasilolitaka, wakati shida yao ni mume anayefanya kazi mji mwingine na ameacha kutuma fedha za nyumbani. Kabla hamjamwandikia mtu barua ya kwenda kudai talaka, mwulizeni kwanza anataka nini.

Mahakama inaweza pia kuamuru matunzo shauri likiwa linaendelea, kwa sababu sheria inatambua kwamba mtu hawezi kukaa na njaa akisubiri hukumu. Inaweza kuamuru matunzo inapotoa amri ya kutengana. Baada ya talaka hali inabadilika. Uhusiano uliozaa wajibu umekatwa, na kinachobaki ni uwezo wa mahakama kuamuru matunzo pale inapoona sababu ya kufanya hivyo. Si malipo yanayokuja yenyewe kila talaka inapotolewa. Kwa ndoa za Kiislamu, sheria inatambua matunzo ya kipindi cha eda, yaani muda ambao mwanamke hungoja baada ya talaka kabla ya kuolewa tena. Wale wanaotazama habari za watu maarufu wa Marekani wanaolipana mamilioni kila mwezi baada ya talaka, na kudhani kwamba mahakama zetu zinafanya vivyo hivyo, wanajiandalia masikitiko. Kwetu, kwa wanandoa wengi, kinachoamua maisha ya baada ya talaka ni mgawanyo wa mali.

Inapofika hatua ya kupanga kiasi, kifungu cha 116 kinaiambia mahakama itazame kwanza uwezo na mahitaji ya pande zote mbili. Kisha inazingatia mila za jamii ya wahusika, na pia kiwango cha lawama ambacho kila mmoja anabeba katika kuvunjika kwa ndoa. Ndiyo maana ugoni au ukatili, hata pale ambapo haubishaniwi tena kama sababu ya talaka, unaweza kujitokeza upya katika hesabu ya matunzo.

Hapo kwenye uwezo ndipo madai mengi yanapoanguka. Mtu anasimama mbele ya hakimu na kusema, "Mume wangu ni tajiri, mimi namfahamu na mji mzima unamfahamu." Hakimu hawezi kuandika hukumu kwa sifa za mji. Kwa mwajiriwa, hati ya mshahara inatosha kuanzia. Kwa mfanyabiashara, tafuteni leseni, mikataba ya pango la duka, taarifa za benki, kumbukumbu za miamala ya simu, na mashahidi wanaojua idadi ya magari au mashine anazomiliki. Na mwombaji mwenyewe aandike mahitaji yake kwa shilingi: kodi, chakula, dawa, nauli. Dai la "nipewe matunzo ya kutosha" halimsaidii hakimu, na halimsaidii mwombaji.

Amri ya matunzo si ya milele. Haki ya mtalaka kulipwa inakoma akiolewa au akioa tena. Kila upande pia unaweza kurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe endapo hali imebadilika kwa kiasi kikubwa, au ikigundulika kwamba amri ya awali ilitolewa kwa maelezo ya uongo au kwa kukosea kuhusu ukweli wa mambo. Aliyefukuzwa kazi asiache tu kulipa akidhani hakimu ataelewa baadaye. Malimbikizo yanadaiwa kama deni lolote lingine, na aliyepaswa kuomba mabadiliko ni yeye. Pale wahusika wanapokubaliana kwamba mmoja alipe kiasi kimoja kikubwa na matunzo yaishe, makubaliano hayo yapelekwe mahakamani yaidhinishwe, kwa kuwa bila idhini hiyo hayamfungi anayestahili matunzo.

Watoto ni suala jingine kabisa, na naomba tulitenge hata katika namna tunavyoongea. Matunzo ya mtoto ni haki ya mtoto. Mama hawezi kuyasamehe ili apewe talaka upesi, na baba hawezi kuyazuia kwa sababu mama amekataa kumpelekea mtoto siku ya Jumamosi. Sheria ya Ndoa inamtaka baba awatunze watoto wake hata kama wanaishi na mtu mwingine, na mama anabeba wajibu huo pale baba amefariki, hajulikani aliko au hana uwezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imepanua uwanja huo: inaeleza haki ya mtoto kupata chakula, malazi, elimu na matibabu, inatambua mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inaruhusu matunzo kuendelea baada ya umri huo kwa anayeendelea na masomo. Kwa hiyo mzazi kuolewa au kuoa tena, jambo linalokatisha matunzo ya mtalaka, haligusi hata shilingi moja ya matunzo ya mtoto. Nimeona hukumu ambamo kiasi kimetajwa kwa jumla, "mke na watoto walipwe", bila kutenganisha. Mama huyo akiolewa, ugomvi mpya unaanza juu ya sehemu gani ya fedha ilikuwa ya nani.

Kuhusu nani akae na watoto, kigezo kikuu ni ustawi wa mtoto. Matakwa ya wazazi yanasikilizwa, ya mtoto mwenyewe yanasikilizwa kama umri wake unamwezesha kutoa maoni huru, na mila nazo zinatazamwa, lakini zote zinakaa chini ya ustawi. Mtoto aliye chini ya miaka saba anadhaniwa kuwa na manufaa zaidi akikaa na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Hakuna kanuni inayosema kwamba mtoto akitimiza miaka saba anahamia kwa baba siku hiyohiyo, ingawa kauli hiyo nimeisikia hata kutoka kwa watu wenye elimu kubwa. Taarifa ya afisa ustawi wa jamii aliyetembelea nyumba zote mbili ina uzito mkubwa kuliko hotuba za mawakili, na ninasema hivyo nikiwa mmoja wao.

Sasa mali. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambazo wanandoa wamezichuma kwa juhudi zao za pamoja wakati wa ndoa. Mahakama inazingatia mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuzingatia hayo, inaelekea kwenye usawa. Watu wengi wamesikia hilo neno la mwisho tu, wakajiwekea akilini kwamba talaka ni nusu kwa nusu. Usawa ndio mwelekeo, lakini mchango unathibitishwa kwanza.

Mchango wa kazi za nyumbani uliwahi kuwagawanya majaji wa Mahakama Kuu. Wapo walioona kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni wajibu wa kawaida wa mke usiohesabika katika kuchuma mali, na wapo walioona kinyume. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, jopo likiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi huo katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilisema kwamba juhudi za pamoja zinajumuisha kazi za nyumbani, kwa sababu ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za kiuchumi za mwanandoa. Tangu hapo mama wa nyumbani asiye na mshahara anaweza kusimama na kudai fungu.

Kesi hiyo inatajwa katika kila semina, na karibu kila mara simulizi huishia hapo. Mwisho wake ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amekwisha kumpa fedha kwa shughuli ya familia naye akazitapanya, na ikazihesabu fedha hizo katika haki yake. Kanuni ilishinda, mdai akakosa. Nalisimulia hilo kwa sababu ndilo linaloonyesha jinsi kifungu hiki kinavyofanya kazi: kanuni inakufungulia mlango, lakini ukubwa wa fungu unategemea mwenendo na ushahidi wa ndoa hiyo mahususi.

Ushahidi huo ni wa kawaida sana, na unapatikana ukitafutwa mapema. Mkataba wa mauzo ya kiwanja, risiti za saruji na mabati, daftari la kikundi cha vikoba linaloonyesha mkopo ulichukuliwa mwezi ule ule msingi ulipochimbwa, fundi aliyepokea fedha za ujenzi kutoka kwa mke, jirani aliyemwona akibeba maji ya kujengea, mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mauziano. Mali iliyoandikwa jina la mmoja inadhaniwa kuwa yake peke yake, lakini dhana hiyo inapinduliwa kwa ushahidi wa namna hii. Hata nyumba aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa inaweza kuingia kwenye mgawanyo ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa kwa juhudi za mwenzake au za wote wawili.

Mgogoro unaoleta machozi mengi kuliko yote ni wa nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ya wakwe. Wanandoa wanajenga miaka kumi kwenye uwanja wa baba mkwe, na talaka inapofika, baba mkwe anatokea na kusema kila kilichopo juu ya ardhi yake ni chake. Mahakama haiwezi kugawa mali ya mtu ambaye hakusikilizwa, na mara nyingi dai la mke linabaki kwenye thamani ya uendelezaji, likiwa na ubishani mrefu wa nani alilipia nini. Kama mnaitwa kuwashauri vijana wanaotaka kujenga kwenye ardhi ya ukoo, waambieni waandikishane na wazazi kabla ya tofali la kwanza.

Nyumba ya familia ina ulinzi wake wa pekee. Mwanandoa hawezi kuiuza, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa bado ipo, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai ridhaa hiyo katika rehani. Mwenye hofu kwamba nyumba itauzwa kisiri aweke zuio kwa msajili wa hati mapema, asisubiri shauri lifunguliwe. Mahakama pia ina uwezo wa kuzuia au kutengua uhamishaji wa mali uliofanywa ili kukwepa amri ya matunzo.

Madeni nayo yanagawanywa, jambo ambalo wadai wengi hulisahau mpaka upande wa pili ulitaje. Mkopo uliojenga nyumba au kulipa ada za watoto ni wa wote wawili. Mkopo wa kubeti ni wa aliyebeti.

Nimalizie na kinachofuata baada ya hukumu. Asiyeridhika akumbuke kwamba rufaa ya shauri la ndoa kwenda Mahakama Kuu ina siku 45, na siku hizo hazisubiri vikao vya ukoo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili ana haki ya kutafuta huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo ndiyo inayowatambua ninyi wasaidizi wa kisheria. Na aliyeshinda asidhani fedha zitakuja zenyewe: mdaiwa asipolipa, mshindi anafungua maombi ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza kwa nguvu ya mahakama, na hapo mahakama inaweza kuamuru makato kwenye mshahara au kukamatwa kwa mali. Maombi hayo hukwama pale hukumu inaposema "alipe matunzo" bila kiasi, bila tarehe na bila njia ya malipo. Kwa hiyo tangu siku ya kuandaa madai, andikeni ombi linalotaja kiasi cha mwenza na kiasi cha kila mtoto kwa mstari wake, siku ya mwezi ya kulipa, na akaunti au namba ya simu itakayopokea, ili hakimu akikubali awe na cha kunakili kwenye amri.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribisha maswali. Ukiridhia, tuanze na wajumbe wa mabaraza, kwa kuwa wengi wao wamekuja na hati walizozitoa mwaka huu na ningependa tuzisome pamoja.